Kamera ya gari linalolala nje

SWALI: Mhariri, salaam. Gari langu hulala barabarani Tudor, Mombasa, na limekwaruzwa mara mbili usiku. Ninunue kamera ya gari ya 4K (yenye picha kali zaidi)? Haitamaliza betri?

JIBU: 4K husaidia kusoma namba za gari mchana. Usiku kinachoamua ni kihisio cha picha (sehemu inayopokea mwanga), na 2K (nukta 2560 × 1440) yenye kihisio kizuri hushinda 4K ya bei ya chini. Muhimu zaidi kwa jua la Mombasa: chagua kamera ambayo ndani ina kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme), si betri ya lithiamu, ambayo hufura kwa joto la gari lililofungwa.

Tundu la kiberiti, ambako kamera huchomekwa kwa kawaida, hukata umeme gari likizimwa, katika magari mengi. Kwa hiyo fundi aunge nyaya tatu: mmoja kwenye fyuzi yenye umeme saa zote, wa pili kwenye fyuzi inayowaka kwa ufunguo, wa tatu kwenye chuma cha bodi ya gari. Akiuacha ule wa pili, kamera haitajua gari limeegeshwa. Ili betri ya gari isiishe, weka kikomo cha kamera kujizima betri hiyo ikishuka hadi volti 12.2 au zaidi, ukiachia 11.8, asubuhi utaomba majirani wasukume. Na kadi ya kumbukumbu iwe ya kurekodi mfululizo, GB 128. Za kawaida hufa mapema, kimyakimya.