Maswali ya Wasomaji: Siku Moja ya Merrie Monarch, Hilo

Nitakuwa Kisiwa cha Hawaii wiki ya baada ya Pasaka. Nina siku moja tu ya Merrie Monarch, tamasha la hula (ngoma ya jadi ya Hawaii) mjini Hilo, na sina tiketi ya mashindano. Nichague siku gani?

Jumatano. Mashindano ya hula ni Alhamisi hadi Jumamosi na tiketi zake huombwa miezi kabla, kwa hiyo usitegemee kuzipata mlangoni. Jumatano jioni, katika uwanja uleule wa Edith Kanakaʻole, kuna Hōʻike, usiku wa maonyesho yasiyo ya ushindani. Hucheza vikundi vya Hawaii na vya visiwa vingine vya Pasifiki, na kwa desturi kiingilio ni bure. Atangulizaye kufika ndiye apataye kiti, hivyo kaa kwenye foleni tangu mchana.

Asubuhi ipeleke kwenye soko la kazi za mikono katika ukumbi wa Afook-Chinen, jirani na uwanja. Tafuta kofia za lauhala, zinazosukwa kwa majani ya mkadi. Kadiri ukanda wa jani ulivyo mwembamba ndivyo kazi inavyochukua muda, na bei hupanda hapo, usidhani unapunjwa. Geuza kofia uitazame ndani: ncha za majani yaliyoungwa ziwe zimefichwa, na pasiwe na madoa ya ukungu, maana Hilo hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Bei iliyoandikwa huongezewa kodi, hadi asilimia 4.712. Beba dola taslimu kidogo.

Wanaoharibikiwa siku hii ni hasa waliolala Kona, upande wa magharibi wa kisiwa, kwa sababu hoteli za Hilo zilijaa. Barabara ya Daniel K. Inouye, ya kurudi huko, hupanda hadi mita 2,000 hivi, na usiku ukungu hushuka juu yake. Safari ya karibu saa mbili mchana huwa ngumu baada ya Hōʻike. Tafuta chumba Hilo mapema, hata cha kawaida.

Nitaitambuaje hula ya kale, na nijiheshimu vipi ikichezwa?

Sikiliza ala. Hula kahiko, ndiyo hiyo ya kale, huenda na mghani pamoja na ipu, yaani kibuyu kinachopigwa kwa kiganja na kugongwa chini, au pahu, ngoma ya gogo iliyowambwa ngozi ya papa. Ukisikia gita na ukulele (gita dogo la nyuzi nne), hiyo ni hula ʻauana, ya baadaye. Ukulele yenyewe ilitokana na ala ya Wareno waliofika kutoka Madeira mwaka 1879.

Onyesho huanza wachezaji wanapoingia, sehemu iitwayo kaʻi, na huisha wakishatoka, hoʻi. Wageni wengi huinuka wachezaji wakianza kutoka, wakawaziba walio nyuma yao sehemu ambayo majaji wa mashindano nao huipima. Tulia kitini. Usiwashe taa ya kamera, wala usiguse mavazi na maua ya mchezaji. Ngoma hii ilipigwa marufuku hadharani mwaka 1830, na Mfalme Kalākaua, ambaye tamasha limepewa jina lake la utani, ndiye aliyeirudishia heshima ya ikulu. Watu wa Hilo wanalijua hilo vizuri, na ukimya wako wanauona.

Sili nguruwe. Nitakula nini?

Epuka kālua pig, nguruwe aliyeokwa shimoni, na uliza kabla ya kununua laulau, vifurushi vya majani ya magimbi, kwa kuwa nyingi zina nguruwe ndani. Poke ya jodari mbichi, yaani vipande vya samaki vilivyokolezwa viungo, ni salama kwako. Pia kuna pweza au ngisi aliyepikwa kwa majani ya magimbi na tui la nazi. Majani hayo lazima yaive sana, la sivyo chembe za oksalati huwasha koo; yakikuwasha, acha kula. Poi, magimbi yaliyopondwa na maji, huchachuka kila siku inayopita. Ionje pamoja na kitu chenye chumvi.

Nikivishwa lei, shada la maua la shingoni, naweza kusafiri nayo?

Kwenda bara la Marekani, mizigo hukaguliwa na maofisa wa kilimo kwenye kiwanja cha ndege. Lei nyingi hupita, ila zenye majani au maua ya jamii ya michungwa huzuiwa. Usipoweza kwenda nayo, usiitupe jalalani: kata uzi, uuondoe, kisha uyarudishe maua ardhini chini ya mti.