Treni za kasi Midwest: kabla hujauliza kasi, uliza reli ni ya nani

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Je, ni kweli treni za kasi zinakuja Midwest, yaani majimbo ya kati-kaskazini ya Marekani, maana unahamia Columbus, Ohio? Na kwa nini taifa tajiri hivi limeachwa nyuma wakati Dar–Dodoma watu wanakwenda 160 kwa saa? Mimi naishi St. Louis, dada yangu yuko Chicago, na huko naenda kwa treni kila ninapoweza kwa sababu bei za maegesho Chicago ni wizi wa mchana kweupe. Nitakujibu kwa ninayoyaona njiani na ninayoyafuatilia.

Kwa kasi tupu hatujaachwa. Tangu Juni 2023 treni za Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, kati ya Chicago na St. Louis zinafika maili 110, yaani kilomita 177 kwa saa, kwenye vipande virefu kati ya Joliet na Alton. Ukikaa dirishani unaona magari ya barabara ya I-55 yakibaki nyuma. Lakini safari nzima ni kilomita 457 na inakula karibu saa tano. Gawanya mwenyewe: wastani haufiki hata 100.

Muda unapotelea mijini. Kutoka Union Station ya Chicago hadi Joliet ni kama kilomita 60, na karibu saa nzima inakatika. Ukishapita Alton kuelekea St. Louis, ni kujikokota tena, madaraja, makutano ya reli, kusubiri taa. Chukua kilomita 160 za mashamba ya mahindi: ukipandisha kasi kutoka 145 hadi 177, umeokoa dakika 12. Sasa chukua kilomita 16 tu za mjini ambako treni inakwenda 32 kwa saa. Ifikishe 64 na umeokoa dakika 15. Kilomita 16 za mjini zimeshinda 160 za shambani, na hakuna kiongozi atakayekata utepe kusherehekea treni inayokwenda 64.

Mradi wa kuifikisha njia ya Chicago–St. Louis kwenye kasi hiyo uligharimu kama dola bilioni 1.95, sehemu kubwa ikitoka kwenye fungu la kuinua uchumi la mwaka 2009, enzi za Obama. Fedha zile zilikuwa na tarehe ya mwisho, Septemba 2017. Zilinunua reli mpya, mataruma ya zege, uzio, na mageti manne badala ya mawili kwenye vivuko, pale barabara inapokatiza reli, ili dereva asipenye kwa kuzunguka. Kwa mtazamo wangu, tarehe hiyo ndiyo iliyoamua mengi. Shambani unaweza kumaliza kazi kwa wakati, Chicago huwezi, kwa kuwa kila mita ina wenyewe wanne na kila mmoja ana mwanasheria. (Na kwa nini maili 110, si 130? Kwa kanuni za huku, ukipita maili 125 hutakiwi kuwa na kivuko hata kimoja cha barabara. Hesabu vivuko vya Illinois halafu uniambie nani analipia madaraja yote hayo.)

Hapo ndipo tofauti na SGR yetu, ile ya Dar–Dodoma. Ile ni njia mpya na mwenye nayo ni serikali. Huku treni ya abiria, nje ya vipande vichache, ni mpangaji kwenye reli za kampuni za mizigo. Sheria inasema tangu 1973 kwamba abiria watangulie, lakini Amtrak yenyewe haina meno ya kuishtaki kampuni inayokaidi, lazima Wizara ya Sheria ndiyo iende mahakamani. Nimewahi kukaa kwenye njia ya kupishania nikitazama makontena yakipita mpaka nikaacha kuyahesabu. Kondakta akatangaza tu kuwa tunapisha mizigo, na mzee wa kiti cha jirani akafungua chakula chake bila hata kuinua macho. Alishazoea.

Jimbo lililoelewa hili mapema ni Michigan. Mwaka 2012 lilinunua kilomita 217 za reli kati ya Kalamazoo na Dearborn kutoka kampuni ya mizigo ya Norfolk Southern kwa dola milioni 140. Kipande kinachofuata hadi Porter, Indiana, tayari ni cha Amtrak. Kwa hiyo kutoka karibu na Detroit hadi kusini mwa Ziwa Michigan wenye reli ni watu wa abiria. Kisha unafika Porter, unaingia msongamano wa mizigo wa kuelekea Chicago, na faida yako nusu inaishia pale.

Siasa nayo. Mwaka 2010 magavana wapya waliochaguliwa, Scott Walker wa Wisconsin na John Kasich wa Ohio, walikataa fedha za Washington: dola milioni 810 za Milwaukee–Madison na milioni 400 za Cleveland–Columbus–Cincinnati. Fedha zikagawiwa majimbo mengine. Wisconsin ilikuwa imeshaagiza treni mbili za Talgo, kampuni ya Hispania, zikaundwa palepale Milwaukee, na hazikubeba abiria hata siku moja Wisconsin. Unajua ziko wapi leo? Lagos. Zilinunuliwa mwaka 2022 kwa ajili ya Red Line, njia yao ya treni za mjini. Watu wa Madison bado wanapanda basi.

Lakini hata ukishajenga, nani analipa mafuta, mishahara na hasara kila mwaka? Kwa sheria ya 2008, iliyoanza kubana Oktoba 2013, njia zisizozidi maili 750 zinalipiwa na majimbo. Indiana ilifunga pochi mwaka 2019 na treni ya Indianapolis–Chicago ikafa. Shemeji yangu wa Indianapolis amebaki na ile ya masafa marefu, mara tatu kwa wiki, saa ambazo watu wamelala. Fedha za kujenga hupigiwa makofi, ila hizi za kila mwaka ndizo zinazoamua kama kuna treni.

Angalia Borealis, ya Chicago–Milwaukee–St. Paul. Ilianza Mei 2024, haina kasi yoyote ya ajabu, ni safari moja ya ziada tu kwa siku kwenye reli ileile ya zamani. Ndani ya miezi sita ilishapita abiria 100,000. Ningekuwa na kura, ningeongeza safari kwanza, kisha ningerekebisha njia za kuingilia Chicago, kasi baadaye.

Sasa Columbus yako. Haijawahi kuona treni ya abiria ya masafa tangu 1979. Desemba 2023 serikali kuu iliiweka njia ya Cleveland–Columbus–Dayton–Cincinnati kwenye orodha ya kuandaliwa, ikiwa na dola 500,000 za hatua ya kwanza. Hiyo ni fedha ya kuandika mpango wa kazi. Bado kuna mpango wa huduma, bado usanifu na mazingira, na katika hatua hizo jimbo linatakiwa kuchangia. Ujenzi hauko hata humo. Kwa hiyo panga maisha na gari. Ukitaka treni ya Chicago, endesha hadi Toledo au Cleveland, na uweke kengele: zinapita usiku wa manane au alfajiri.