Boti inazima ukitoa gia: kagua kebo ya chini kabla ya kununua mguu

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Boti ya futi 22, injini ya MerCruiser 4.3 V6, mguu wa Alpha One (yaani kile kipande cha nyuma kinachoshuka majini na kubeba gia na propela). Inakimbia vizuri, ila kila ukirudisha mkono wa gia nyutro injini inazima, rivasi inaingia kwa kulazimisha, na siku hizi unakuta maji ndani ya boti asubuhi. Fundi amekwambia gia za mguu zimekufa, utafute mguu mwingine. Tafadhali usitoe hela kwanza. Dalili hizohizo zilinipata mimi mwaka 2019 nikiwa napeleka wageni kisiwa cha Mbudya kutoka Kunduchi, na mguu wangu ulikuwa mzima kabisa.

Boti yako ina kebo mbili za gia. Ya juu inatoka kwenye mkono wa dereva mpaka kwenye pleti iliyo juu ya injini. Ya chini inaanzia kwenye pleti hiyo, inapita ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, inatokea nje na kuingia kwenye ile nyumba ya alumini ambayo mguu umefungwa kwa nati 6. Nyumba hiyo mimi naiita kengele. Kebo ya chini ndiyo inayoteseka. Kila ukikata usukani na kila ukiinua mguu, inapinda palepale, nyuma ya kengele, ndani ya maji ya chumvi. Ganda lake la nje likichanika, maji yanaingia ndani ya kebo, waya unashika kutu, na maji hayohayo yanaweza kufuata kebo mpaka ndani ya boti. Ndiyo maana nilipoona umetaja gia nzito na maji kwa pamoja, nilijua pa kuanzia.

Kuhusu kuzima, tazama kwenye ile pleti ya injini. Utaona kidole cha chuma chenye mkato wa V na swichi ndogo iliyokaa kwenye mkato huo. Klachi ya Alpha ni ya meno, na meno yakiwa yamebeba nguvu ya injini hayaachii. Kwa hiyo unapotoa gia, kidole kinasogea, swichi inabonyezwa kufumba na kufumbua, cheche zinakatika, meno yanalegea, gia inatoka. Kebo ikiwa nzito kidole kinabaki kimepinda, swichi inabaki imebonyezwa, injini inakufa. Swichi haina kosa hapo. Inakuonyesha kwamba kuna kitu kinavutwa kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Naomba unisikilize kwa makini hapa. Fundi wangu wa kwanza alichomoa nyaya za ile swichi. Kweli injini iliacha kuzima, nikamlipa na kumshukuru. Jumamosi iliyofuata nikiwa naingia ufukwe wa Mbudya na abiria tisa, nilirudisha mkono nyutro. Mkono ulikuja, boti ikaendelea kusonga. Mbele yangu kulikuwa na watoto wanaoga. Nilizima kwa ufunguo, tukasimama kama mita kumi kutoka walipokuwa. Sijawahi kuisahau siku ile, na ndiyo sababu naandika haya kwa urefu. Kama fundi wako naye amezichomoa nyaya hizo, zirudishe leo, na usibebe mtu mpaka kebo ipone.

Kipimo chenyewe hakihitaji hata shilingi. Boti ikiwa nchi kavu, injini imezimwa na betri imekatwa, ifungue kebo ya chini kwenye ile pleti. Inashikwa sehemu mbili tu: pipa dogo la shaba na ncha ya kebo, kila moja na pini yake. Sasa chezesha mkono wa dereva. Ukiwa mwepesi, kebo ya juu na boksi la mkono ni wazima. Kisha shika ncha ya kebo ya chini kwa vidole, uvute na kusukuma huku mwenzako akizungusha propela taratibu kwa mkono, maana bila propela kuzunguka meno hayakutani. Inatakiwa iende kwa nguvu ya vidole. Yangu ilihitaji nijikaze kwa mguu kwenye injini.

Ukiona ndiyo hiyo, panga kazi na maji. Mimi nilisubiri bamvua, nikaipandisha boti maji yakiwa yamejaa. Weka gia ya mbele kabla ya kutoa mguu, wala usiruke hatua hii: ndani ya kengele kuna mkono mdogo unaoshikana na wa kwenye mguu, na kwenye gia ya mbele ndipo vinaachana bila kuvunja kitu. Fungua jeki za haidroli upande wa nyuma, fungua nati 6, funga mguu kwenye cheni bloku, kisha vuta nyuma moja kwa moja.

Kwenye karatasi ni dakika kumi. Wangu ulikuwa umekaa kwenye maji ya chumvi miaka mingi bila kutolewa, na alumini ilikuwa imeng'ang'ania stadi. Ulinichukua siku mbili. Nilimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi nikagonga kwa nyundo ya mpira kulia na kushoto, kisha nikaingiza kabari za mbao ngumu, milimita kwa milimita. Usiingize bisibisi wala patasi pale mguu unapokutana na kengele. Ukiukwaruza uso ule, gasketi mpya haitaziba, na maji yatakwenda kwenye krosi, kile kiungo kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye mguu, na kwenye beringi.

Mguu ukishatoka, kengele nayo inashuka. Pini zake mbili za pembeni zinahitaji ufunguo wake maalumu, na nati inayoshika kebo ndani ya kengele ina soketi yake yenye mkato wa kupitisha waya. Azima kwa mtu anayefanya kazi hizi, au mwagize atakayekuletea kebo aje navyo. Mimi vilikuja na kebo kutoka Dubai. Nilijaribu nati ile kwa koleo nikaiviringa, na kuitoa baada ya hapo ilikuwa shida kubwa.

Piga picha njia ya kebo kabla hujaivuta. Isiguse bomba la moshi, isikunjwe duara dogo. Nilipoitoa ya zamani niliipasua kwa kisu kutoka ncha hadi ncha, nikitaka kujua. Nje ilionekana nzima isipokuwa ufa mmoja mwembamba kama unywele. Ndani ya ufa ule kulikuwa na unga wa kahawia uliochanganyika na chumvi nyeupe, na waya ulikuwa umevimba. Niliuvuta kidogo tu, nyuzi zake zikakatika moja moja na kunichoma kidoleni. Hicho ndicho kilichokuwa kinaamua kama boti itasimama au haitasimama.

Kengele ikiwa chini badilisha mipira yote mitatu ya mikunjo: wa krosi, wa moshi na ule mdogo wa kebo. Kubadilisha kebo na kuacha mpira wa zamani ni kupoteza kazi, kwa sababu mpira huo ndio unaozuia maji pale kebo inapopita. Zungusha pia beringi kubwa ya ndani kwa kidole, ukisikia inakwaruza itoe sasa hivi. Nyuzi za nati ya kebo zipake dawa ya kuziba inayostahimili maji, na waya wa ndani upake grisi ya baharini kabla ya kuuingiza.

Upande wa injini ndipo wengi wanapokosea. Kwenye Alpha kebo ya chini ina kipimo chake: kutoka katikati ya tundu la pipa la shaba hadi katikati ya tundu la ncha ya kebo ni inchi 6, yaani milimita 152. Weka kipimo hicho kwenye kebo ya chini kwanza, na ukishakiweka usikiguse tena. Kinachobaki unakimaliza kwa kusogeza pipa la kebo ya juu. Mimi nilianza kinyume, nikawa napata gia ya mbele na kukosa rivasi, nikipata rivasi nakosa ya mbele, mpaka saa mbili usiku. Kama mguu wako ungekuwa Bravo ningekwambia mengine kabisa, maana klachi yake ni ya koni na iko juu, na kipimo hiki hakiihusu.

Wakati wa kurudisha, mguu na kebo vyote viwe kwenye gia ya mbele. Paka grisi shafti yenye meno, weka gasketi mpya, sukuma mguu kwa mikono. Ukigoma sentimita chache za mwisho, usiuvute kwa nati. Zungusha propela kinyume cha saa kidogo kidogo ili meno yakutane. Ukizidi kugoma, injini haiko sawa na beringi, tafuta mwenye fimbo ya kupimia mstari. Nati 6 zinakazwa futi-pauni 50, sawa na Nm 68, kwa kubadilishana pande.

Kabla ya kushusha boti, zungusha propela kwa mkono. Nyutro izunguke huru pande zote. Gia ya mbele ishike upande mmoja, upande mwingine inaweza kulia tak, tak. Rivasi ishike pande zote mbili. Majini, iache imefungwa kwa kamba, injini ikiunguruma taratibu bila kuongezwa mafuta, uingize na kutoa gia mara ishirini hivi. Ule mkato wa V utauona unacheza kidogo na kurudi katikati mara moja. Yangu ilitoka kimya kabisa, na asubuhi yake ndani ya boti kulikuwa kukavu.

Kuhusu kebo za bei ya chini: ya kwanza niliyofunga ilikuwa ya kuiga, ganda lake likakakamaa kabla ya msimu kwisha nikafungua kila kitu upya. Kazi ya kutoa mguu ni kubwa mno kuifanya mara mbili kwa ajili ya kebo.

Anza na zile pini mbili kwenye pleti, mkuu. Ukishajua ni kebo ipi nzito, andika hapa pamoja na picha ya ile swichi, nitakuangalizia nyaya zake.