Kabla hujachora mtandao wa mashirika, rekebisha swali kwanza

Mara ya kwanza kuchora ramani ya shirika gani linafanya kazi na lipi tulikuwa na mashirika 20 na swali letu lilikuwa moja tu, "unashirikiana na nani?", basi watu wakatiki karibu kila jina. Nikaingiza data kwenye Gephi (programu ya kuchora mitandao, ya bure hiyo, usinunue ya bei mbaya mapema) mchoro ukatoka kama uzi uliochezewa na paka. Mashirika 20 yanatoa jozi 190, yaani 20 mara 19 gawa kwa 2, na sisi tulikuwa na mistari zaidi ya 150, kila mstari ni jozi inayodai kushirikiana! Mfadhili kafurahi, mimi roho inanisuta maana hawa watu hata simu za wenzao hawapokei.

Shida ilikuwa hilo neno kushirikiana. Kwa huyu ni kukaa meza moja kwenye semina, kwa yule ni kuchanga bajeti. Kwa hiyo gawa ngazi: mnafahamiana, mnapeana taarifa, mnapanga kazi pamoja, mnachangia pesa au watu, alafu weka na muda, mfano miezi 6 iliyopita. Tuliporudia hivyo, wanaopanga kazi pamoja wakabaki jozi 31 tu.

Kingine, A akisema anafanya kazi na B na B hajamtaja, usifute, hapo ndo pana habari. Sisi kuna shirika kubwa lilitajwa na karibu wote, lenyewe likataja watatu.

Na usiishie kuhesabu nani ana mistari mingi. Angalia nani anakaa kwenye njia ya wengine, yaani wengine wanafikiana kupitia yeye, kipimo (betweenness) alichokiandikia mwanasosholojia Linton Freeman 1977. Kwetu alikuwa kikundi kidogo cha wafanyakazi wawili, ndo pekee kilichounganisha vijana na wanasheria, na kweli yule dada mratibu alipoenda likizo ya uzazi pande zote mbili zikanyamaza kimya.

Wasiojibu wafuatilie mpaka wakuchoke, watano wakikosekana mchoro wote unakudanganya. Na waambie mapema majina yao yataonekana, huwezi kuficha mtu kwenye ramani ya mashirika 20 yanayojuana.

Alafu rudisha ramani kwao kabla ya ripoti. Mimi niliibandika ukutani, mkurugenzi mmoja kaja na kalamu akakata mstari wake mwenyewe, "hawa hatujaongea tangu mradi uishe", na wa upande wa pili alikuwa amesimama hapohapo nyuma yake.