Kumtafuta Connecticut Warbler si mchezo wa bahati

Juzi, baada ya mimi kumwona Connecticut Warbler, ndege mdogo wa Amerika Kaskazini, katikati ya jiji la New York, msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, hongera, ila kubali tu ulibahatisha." Meseji yenyewe fupi, lakini imenichoma. Ndege huyu hupiti njiani ukamwokota. Anatafutwa.

Najua wengi wenu mnamwota kama nilivyomwota mimi. Mgongo wa rangi ya zeituni, tumbo la manjano, kichwa na kifua vya kijivu (makinda wa mwaka huo huwa na rangi ya kahawia hapo), na duara jeupe linalozunguka jicho lote bila kukatika. Huzaliana kwenye misitu yenye vinamasi huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, kisha hukimbilia Amerika Kusini baridi ikianza. Alexander Wilson ndiye aliyempa jina hilo la Connecticut mwaka 1812, kwa kuwa alimpata huko, ingawa hata kiota hajengi huko.

Mwezi wa Mei hupita mbali, magharibi ya New York, kwa hiyo anayemsaka Manhattan, katikati ya jiji hilo, wakati huo anajichosha bure. Septemba ndipo husogea pwani ya Atlantiki, akavuka bahari hadi visiwa vya Karibi, siku mbili hivi angani bila kutua.

Wenzangu wote wa kutazama ndege walikwenda Central Park, bustani kubwa ya jiji. Mimi nikachagua Bryant Park, ile bustani ndogo nyuma ya maktaba kuu ya umma, Mtaa wa 42. Jamaa mmoja, mzoefu kweli, akaniambia mbele za watu kwamba pale nitaona njiwa na watu wanaokula sandwichi. Watu wakacheka. Sijasahau. Lakini ndege hawa husafiri usiku, na taa za jiji huwavuta na kuwapoteza. Kukikucha mnyonge anajikuta kazungukwa na maghorofa, kachoka, ana njaa. Kule Central Park ndege ana vichaka vya kujifichia mpaka umkose kabisa. Pale Bryant Park hana pa kukimbilia.

Jioni hewa ya baridi ikaingia, upepo ukageuka ukawa unatoka kaskazini-magharibi, ule ndege hawa wanaousubiri waelekee kusini. Usiku nikafungua rada ya hali ya hewa, maana ndege wakiruka kwa wingi huonekana humo. Nikalala nikijua.

Asubuhi nilifika viti vikiwa bado vitupu. Niyaruke yale masaa ya kukodolea majani macho. Mwishowe kitu kikatikisika chini ya mimea. Akili ikaniambia ni Common Yellowthroat, ndege mwingine mdogo, wamejaa kila kona. Ila yule hurukaruka, na huyu alikuwa anatembea! Hatua kwa hatua kama kuku uani, miguu ya waridi, akapita katikati ya miguu ya viti, akadona mdudu, akasimama kiubavu. Jicho likawa upande wangu. Duara zima. Ovenbird, ndege mwingine mdogo, naye hutembea, lakini kifua chake kina michirizi. Cha huyu hakikuwa na hata mmoja. Picha ninayo, na haina ukungu. Waliocheka wameiona.

Sasa nisikilizeni. Angalieni chini. Wengi wenu mnakazana kutazama vilele vya miti mpaka shingo zinauma, na ndege yuko miguuni penu. Simameni mahali pamoja, acheni kukimbizana na kila meseji ya kundi la watazama ndege, maana mkifika ameshatishwa na watu. Subirini upepo ugeuke, katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Na tazameni anavyokwenda kabla ya kutazama rangi. Chini, narudia.

Halafu hili la kumpigia sauti iliyorekodiwa ili atoke mafichoni: acheni. Ndege wa gramu kumi na kitu, mwenye bahari mbele yake, anahitaji kula, si kuhangaika kumtafuta mwenzake asiyekuwepo. Nilimwambia hivyo kijana mmoja palepale bustanini. Akanuna, akachukua spika yake akaondoka. Na aende.