Antena hazionani, mawimbi yanapitaje?

SWALI: Najifunza mambo ya redio mwenyewe tu. Nimesoma kwamba UHF (mawimbi ya redio ya masafa ya juu sana) inaenda mstari mnyoofu, af nikakuta tena kuna vituo vilivyokuwa vinawasiliana kwa UHF vikiwa kilomita 300 mbalimbali, hakuna mnara katikati wala setilaiti. Sasa si dunia ni mviringo? Au yanadunda kwenye ionosfia, lile tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme?

JIBU: Ionosfia hapana. Ile kwa kawaida inarudisha mawimbi ya chini ya megahezi 30, UHF inaitoboa na kwenda zake. Na wasiwasi wako ni wa haki kabisa, antena ikiwa mita 100 juu ya ardhi tambarare upeo wake wa redio ni kama kilomita 41, mwenzako naye akiwa na mita 100 mnaonana mpaka 82 hivi, baada ya hapo mgongo wa dunia umekaa katikati yenu.

Sasa ushawahi kusimama gizani kwenye barabara yenye kilima, gari linakuja upande wa pili hulioni bado, lakini juu ya kilima unaona mwanga umetanda? Taa zenyewe hazijakufikia, zimepiga vumbi na unyevu wa hewani, kidogo kikatawanyika kikakujia. Ndo hivyo hivyo. Antena yako inalenga usawa wa upeo, ya mwenzako nayo inalenga upeo wa kwake, na miale miwili inakutana hewani katikati ya safari, kilomita kadhaa juu. Hewa ya pale haitulii, ina mafungu mafungu yenye joto na unyevu tofauti yanavurugana muda wote, wimbi likipita humo chembe yake inatawanyika, na ndani ya chembe hiyo kuna chembe nyingine ndogo zaidi inayoshukia upande wa mwenzako. Huo unaitwa mtawanyiko wa troposfia, yaani wa tabaka la chini la hewa, hili tunaloishi.

Chembe inayomfikia mwenzako ni ndogo kweli. Hasara ya njia inaweza kupita desibeli 200, yaani nguvu uliyorusha gawanya kwa 1 yenye sifuri 20. Ndo maana lazima antena za kulenga, tena kubwa: mtandao wa White Alice kule Alaska, miaka ya 1950, ulikuwa na antena za upana wa mita 18, nyingine mita 36, zimesimama kama kuta, na transmita za kilowati 10.

Halafu kwa vile hewa inacheza, mawimbi nayo yanapanda na kuzama kila wakati. Dawa yake naipenda sana: unaweka antena mbili kila upande, zimeachana, na unarusha kwa masafa (frikwensi) mawili, risiva inaunganisha zote, kwa hiyo njia moja ikizama kuna nyingine iko juu, ni nadra zote kuzama pamoja.

Watu wa redio ya ridhaa (wanaorusha kwa kujifurahisha, si kwa biashara) wanafanya hivi mpaka leo kwa megahezi 144 na antena za yagi, zile za kulenga zenye vijiti vingi kwenye mti mmoja, wengine kwa Morse (alama za nukta na mistari) maana sauti inamezwa na kelele. Ukijaribu usiinue yagi juu eti unatafuta hewa. Hewa inatawanya mbele zaidi kuliko pembeni, kila digrii ya pembe unayoongeza inakula kama desibeli 10, kwa hiyo laza antena usawa wa upeo, na tafuta sehemu ambayo mbele yako hakuna kilima cha karibu.