Koti lile la bluu si langu

Mpwa wangu, nimeiona picha yangu uliyoirusha kwenye grupu la ukoo: koti la bluu iliyokolea, vifungo vya dhahabu, suruali ya kijivu, tai ya mistari. Ukaandika, "Anko katoboa, sasa yuko na wakubwa wa Boston." Tangu jana nimepigwa vizinga vitatu, na mama yako anauliza kwa nini deni la babu hospitali halijaisha. Imeniuma, ndiyo maana najibu hapahapa mbele ya wote.

Koti lile ni sare. Nakaa mapokezi kwenye jengo la matajiri, nafungua mlango, napokea vifurushi vyao. Nikimaliza zamu nalirudisha kabatini. Ni la polyesta, kiangazi mgongo unawaka.

Matajiri wenyewe hawavai hivyo. Yupo mzee wa ghorofa ya juu, kwao wamesoma Harvard tangu enzi za babu yake. Shati lake la Brooks Brothers, lile la kola ya vifungo, limetoka nyuzi shingoni. Sweta limetoboka kiwiko, moka kazizungushia selotepu. Wiki yangu ya kwanza nilidhani ni fundi bomba, nikamwonyesha mlango wa nyuma. Hakukasirika. Hana haja ya kuonekana nadhifu mbele ya mtu yeyote, na nguo iliyochakaa inawaambia wenzake kwamba pesa yake si ya jana. Brooks Brothers ni duka la nguo, lipo New York tangu 1818. Wenye duka husimulia kwamba kola ile waliiona kwa wacheza polo wa Uingereza, waliokuwa wakiifunga ili isiwapige usoni farasi akikimbia. Shati la watu wa farasi, mpwa wangu! Ninyi mnalipata kwenye marobota ya mitumba Karume, mnalivaa bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Huku utaulizwa kwa macho.

Mimi nilijibana miezi mitano nikanunua koti langu mwenyewe, la sufu. Nikaenda nalo kwenye hafla ya chuo, nimealikwa kama wengine. Mgeni mmoja akanikabidhi koti lake la baridi, akaendelea na maongezi yake. Nililipokea. Mpaka leo sijui kwa nini mikono yangu ililipokea.

Usije huku. Maliza chuo, tafuta kazi nyumbani. Lakini ukija, usikate tamaa ya kuingia kwao: Ralph Lauren, yule mbunifu wa mavazi, alizaliwa Bronx, mtaa wa New York, mtoto wa wahamiaji, baba yake alipaka rangi nyumba za watu. Mwaka 1967 alianza na tai, leo dunia nzima inanunua kwake sura ya matajiri hao. Ila yeye ni mzungu, usilisahau hilo. Usipoteze pesa kwenye nguo. Siku ya usaili, hata hivyo, vaa koti la bluu na upige pasi mpaka kola isimame, kwa sababu sisi tukitoka na shati lenye nyuzi hatuonekani watu wa ukoo mkubwa.

Hilo la sufu nakutumia wewe, livae mahafali. Hapo ulipo hakuna atakayekukabidhi la kwake.

Mwambie mama yako nusu ya pesa ya hospitali nimetuma leo. Nusu nyingine tarehe 15, nikilipwa. Na ile picha, ifute.